Ile Figo Inayobaki

Migosi, alasiri ya kuamkia safari yako

Idi mwanangu,

Umekwenda Obunga kuwaaga wenye vibanda wanaouza mikate yetu, na najua hutarudi mapema. Kila mmoja atataka ukae, unywe chai yake, umweleze tena hiyo India iko upande gani na utarudi lini. Mama yako amelimwaga sanduku lako kitandani na analipanga upya anavyotaka yeye. Mimi nimekaa uani karibu na tanuri, ambalo leo sikuliwasha, na tangu nishike kalamu hii nimeinuka mara nyingi bila sababu. Moyo hautulii.

Sitakuandikia habari za kunywa maji, kupima presha, wala kutokimbilia dawa za maumivu. Hayo mama yako ameshayasema mpaka siku hizi unayaitikia kabla hajamaliza. Nataka kukueleza jinsi mambo yalivyokuwa upande wangu. Tangu tulipolazwa pamoja hatujawahi kukaa tukazungumza kwa kirefu. Tumekuwa tukiulizana tu: umeamkaje, umelala vipi, dawa umemeza. Na kwa kuwa unakwenda kujifunza kazi ya kuwatengenezea watu viungo vyao vya plastiki kutoka kwenye picha za hospitali, naona ni vizuri ujue inakuwaje kwa mtu anayewekewa kitu kile mkononi.

Miguu yangu ilianza kuvimba mwaka ulipomaliza shule, ulipokuwa ukisambaza mikate yetu kwa baiskeli. Nilivaa soksi ndani ya nyumba ili mama yako asione. Aliponiuliza nilimwambia ni joto la tanuri na kusimama kutwa. Nilijiambia hivyo hivyo na mimi nikaamini. Kisha nikaanguka hapa uani, trei ya mikate ikiwa mikononi, na hospitalini wakasema figo zangu zote mbili zimeacha kazi. Nikaanza kusafishwa damu kwa mashine, siku mbili kila wiki. Ulikuwa unanileta nyumbani nimelegea, unanishika kwapani kama mzee wa miaka tisini, na majirani wanajifanya hawaoni.

Daktari Adhiambo ndiye aliyetuambia kwamba ndugu wa karibu anaweza kunipa figo yake moja akipatikana anayelingana nami. Mama yako alijitolea papo hapo, wakampima, wakakuta ana sukari, wakamkataa. Alilia siku nzima, na mimi nilimwonea huruma, ila ndani yangu nilishukuru. Kumbe wewe ulishakwenda kupimwa bila kuniambia. Daktari aliponieleza kwamba unalingana, na kwamba umeshatimiza umri wa kuamua mwenyewe, nilisikia nafuu na hofu kwa pamoja, hata nikashindwa kujua ipi ni ipi.

Siku ile alipokuita peke yako ndani ili akuulize kama kuna mtu anayekulazimisha, mimi nilikuwa nje kwenye benchi. Hujui nilichokuwa nikiomba. Nilikuwa naomba useme kweli unalazimishwa, ili mambo yaishe. Muda huo huo nilikuwa naomba usiseme hivyo, kwa sababu nilikuwa nimechoka na mashine na nilitaka kuishi. Ulipotoka ukaniambia twende tukale, nikajua umekubali. Na mimi nikakubali. Nilikubali haraka, kwa sababu hadi wakati ule figo ilikuwa neno tu. Mtu anasema atampa baba yake figo kama anavyosema atampa damu.

Baada ya skani yako tukaitwa. Unaikumbuka siku ile, lakini wewe ulikuwa umekaa umetulia, umevaa fulana yako ya kijani, unamenya njugu na kuweka maganda mfukoni. Bwana Ouma akaingia na kitu kilichofungwa kwa karatasi laini. Ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kumwona. Akajitambulisha kuwa zamani alikuwa fundi wa meno ya bandia na sasa anasimamia ile printa ya hospitali. Alieleza kwamba skani imezipiga figo zako picha vipande vipande, vyembamba kama mkate wa slesi, kompyuta ikavipanga tena pamoja, na mashine ikaijenga figo ya kushoto kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka, kwa kipimo chake halisi.

Daktari Adhiambo akaifungua. Ilikuwa na rangi ya maziwa. Mishipa inayoleta damu ilikuwa myekundu, ule wa kuirudisha ulikuwa wa buluu, na njia ya mkojo ilikuwa ya manjano. Akasema, "Watu wengi upande huu wana mshipa mmoja wa kuleta damu. Idi ana miwili, na huu wa pili ni mwembamba. Nikiukata vibaya, figo haitakufaa. Ndiyo maana nikaomba nitengenezewe, niuzoee kabla sijafika kwake."

Akaniwekea mkononi.

Haikuwa nzito. Ilikaa kwenye kiganja changu kama skonzi ndogo. Nikaitazama, kisha nikakutazama wewe, ubavu wako wa kushoto, chini ya ile fulana. Idi, sijui nitakuelezaje. Mkononi mwangu hamkuwa tena na neno. Mlikuwa na kitu chenye umbo, chenye kibonyeo upande mmoja na uvimbe kidogo juu, na umbo lile lilikuwa lako, halikuwa la mtu mwingine duniani. Nikaanza kufikiria pale kitakapotoka patabaki nini. Sikuona kitu. Niliona shimo.

Nikairudisha mezani nikasema sitaki. Daktari hakunisukuma. Alisema, "Mzee wangu, ni haki yako. Nenda nyumbani ufikirie." Wewe uliacha kumenya njugu.

Zile wiki zilizofuata ulidhani nimekukasirikia. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nikifumba macho naiona ile plastiki. Nilikuwa nakuona unapanda baiskeli na kreti la mikate nyuma, nafikiria kwamba ndani ya huyu mtoto kila kitu kimepangwa mahali pake, na mimi ndiye nataka kipungue. Nikasema afadhali niendelee na mashine mpaka siku zangu ziishe. Nikajiona baba mwema. Huku nyumbani nilikuwa sili, silali, namjibu kila mtu kwa mkato, na mwili unazidi kunyauka.

Mama yako alinivumilia, kisha siku moja tukiwa tunakanda unga akaacha kukanda. Akasema bila kuinua sauti, "Baba Idi, usipoingia mle kwa upasuaji, nitakuzika. Mkiingia wawili, sijui nitamngoja nani. Kwa hiyo usinifanye nione kama hofu hii ni yako peke yako." Akaendelea kukanda. Nilikuwa nimemsahau kabisa. Mtu akiwa na hofu kubwa huona kama amepewa yeye tu, na hii ni mojawapo ya mambo niliyojifunza kwa gharama.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika.

Ulikuja asubuhi moja ukaweka mfuko juu ya meza ya unga. Ukatoa figo mbili za plastiki, ukaziweka pamoja, ya kushoto na ya kulia, kana kwamba kuna mtu amelala pale mezani. Ya kushoto niliijua mara moja, nikageuza uso. Ukasema, "Hii ndiyo inayotoka. Umeshaiona." Ukasogeza ile nyingine mbele yangu. "Hii ndiyo inayobaki, Baba. Hakuna aliyekuonyesha."

Ulinieleza kwamba umekwenda kwa Bwana Ouma mwenyewe kumwomba. Alikuambia hospitali haina haja nayo, kwa sababu daktari hataigusa, hivyo haikutengenezwa. Ukamwambia baba yako ana haja nayo. Bwana Ouma akakupa kiti karibu na kompyuta, akakufundisha kuzitenga picha za upande wa kulia na kufuata ukingo wa figo, kipande kwa kipande, mpaka ukaitoa yote. Sikujua siku ile kwamba ndiyo ilikuwa siku yako ya kwanza kazini.

Niliishika ile ya kulia muda mrefu. Ilikuwa nzima, imejaa, na mshipa wake mmoja mnene usio na utata. Ukaniambia daktari amekueleza kwamba ikibaki peke yake itanenepa kidogo na kuzidisha kazi. Nikakuuliza je ikiugua. Ukasema ikiugua tutakwenda hospitali kama watu wengine. Nikakuuliza je ukija kujuta. Ukafikiri kwanza, jambo lililonipa imani kuliko kama ungenijibu upesi, ukasema, "Naweza kujuta siku fulani. Lakini ukifa wakati nilikuwa na uwezo, nitajuta kila siku."

Nikakubali kwa mara ya pili. Mara hii nilijua ninachokubali.

Siku ya upasuaji walikuchukua wewe kwanza. Ulinipungia mkono ukiwa umelala kwenye kitanda cha magurudumu, umevaa kofia ile ya karatasi, na mimi nilicheka ili nisifanye jambo jingine. Mama yako alikaa kwenye korido katikati ya milango miwili. Aliniambia baadaye kwamba alikataa kiti walichompa kwa sababu kilikuwa karibu na mlango mmoja kuliko mwingine. Daktari Adhiambo alimwambia kwamba ule mshipa mwembamba aliukuta palepale alipoutarajia.

Lakini figo haikuamka. Hilo unalijua, ila hujui nililiona vipi. Siku zikapita, mfuko wa mkojo mtupu, wakanirudisha kwenye mashine. Wewe ulikuja wodini kwangu umejishika ubavu, unatembea kama unavuka maji, ukauliza kama figo yako imenikataa. Nilikuambia imechoka na safari. Ulipoondoka nililia hadi muuguzi akaja kuangalia mashine imeharibika nini. Nilifikiri nimekutoboa bure. Nadhani hakuna hofu niliyowahi kuijua inayofanana na ile. Na ilipoanza kufanya kazi, matone machache, kisha zaidi, mama yako aliuinua ule mfuko wa mkojo juu kama mtu anayeonyesha samaki mkubwa, na wagonjwa wa wodi nzima wakampigia makofi.

Hapo ningeweza kukwambia mambo yakawa mazuri. Yalikuwa mazuri. Ila mimi niliharibu kiasi.

Nilirudi nyumbani na kitu chako ndani yangu, nikawa siwezi kukuona ukifanya lolote bila hofu kunishika. Nikakukataza baiskeli. Nikakukataza kubeba magunia ya unga. Ukiamka na mafua, nilitaka twende hospitali. Nikamwendea kapteni wa timu yenu ya mpira, nikamwomba asikupange tena, nikamweleza habari za mwili wako ambazo hukuwa umewaambia wenzako. Ulirudi kutoka uwanjani siku ile ukasimama mlangoni na viatu vya mpira mkononi. Ukasema, "Baba, nilikupa figo. Sikukupa ruhusa ya kunifungia ndani."

Nilijibu kwa ukali, nikasema mimi ni baba yako. Hukuongea nami wiki nzima. Daktari alikuwa ameshakuruhusu kukimbia, mimi nilijua, na bado nilifanya vile. Nilidhani kukulinda ndiyo njia ya kukushukuru. Imenichukua muda mrefu kuelewa kwamba mtu aliyekupa kitu kikubwa hataki umgeuze yai. Anataka aendelee kuwa mtu. Kama utawahi kupokea kutoka kwa mtu jambo usiloweza kulilipa, usimgande. Mwache apumue, nawe uishi vizuri, basi.

Ulipoanza kwenda kwa Bwana Ouma kila ukimaliza kusambaza mikate, sikusema neno, kwa sababu nilikuwa nimeshajifunza kunyamaza. Ulikuwa unarudi na habari za taya la mtu wa Ahero, nyonga ya mama fulani, fuvu la mtoto. Mama yako alikukataza kuzitaja wakati wa chakula. Mimi nilikuwa nasikiliza.

Kuna siku nilikwenda kliniki nikapitia chumba chenu cha printa, nikakukuta na mume na mke, wakulima wa mpunga kutoka Ahero, ambao mtoto wao alikuwa na kasoro ya moyo. Nilisimama nje ya mlango. Ulikuwa umewapa ule moyo wa plastiki na unawaeleza vizuri sana, hapa kuna tundu, hapa daktari ataziba, hapa damu inachanganyika. Yote ulisema sawa. Lakini yule mama hakusikia hata moja. Nilimwona mikono. Alikuwa ameushika kama nilivyoishika mimi ile figo ya kwanza; wewe ulikuwa umeshafika mbele na maelezo, yeye bado yuko palepale alipoupokea.

Ndiyo ushauri nilionao kwa kazi yako, sina mwingine. Ukimwekea mtu kitu kile mkononi, nyamaza kwanza. Mwache akizungushe. Kwako ni picha zilizopangwa vizuri, kwake ni mtoto wake ametolewa nje ya mwili. Na usimwonyeshe kibovu tu, au kile kitakachokatwa. Daktari anahitaji hicho. Mzazi anahitaji kuona na kinachobaki kizima, hata kama hakuna aliyekuagiza ukitengeneze. Wewe ulilijua hilo siku ile mezani kwangu kabla hujafundishwa na yeyote. Huko unakokwenda watakufundisha mashine kubwa na programu za kompyuta, na watakuharakisha. Nachelea usije ukalisahau.

Nachelea mengi, Idi. Nachelea joto la huko, na maji, na hospitali ambazo hawakujui. Nachelea uje uulizwe kovu lako ni la nini na usiwe na mtu wa kukaa naye baada ya kujibu. Ninaandika haya na mkono unatafuta ubavu wangu wenyewe, hapa chini mbele, mahali walipoiweka. Huwa naigusa ninapokuwa na wasiwasi. Sijawahi kukuambia.

Na kuna jambo moja zaidi, ambalo nimelizunguka tangu nilipoanza barua hii. Wiki iliyopita nilipokwenda kliniki, kile kipimo cha damu kinachopanda figo inapolegea kilikuwa kimepanda. Kidogo, lakini kimepanda. Daktari Adhiambo amebadilisha kiasi cha dawa na anataka nipimwe tena wiki ijayo. Huenda ni dawa tu. Huenda figo inaanza kuchoka. Hajui bado. Mama yako nami tulikubaliana tusikuambie mpaka ufike huko na uanze masomo.

Nimeyasoma maneno hayo niliyoyaandika. Yananikumbusha zile soksi. Ukiyasoma ukiwa ndani ya ndege, utafanya nini na nani? Nasikia geti, umerudi. Naweka kalamu.

*

Nimerudi kuimaliza. Mama yako anapika.

Sikuweza kutafuta maneno mazuri, kwa hiyo nilikupa ile karatasi ya maabara. Uliisoma umesimama hapa uani, ukaisoma tena. Kisha ukaniuliza, "Unataka nibaki?"

Nikasema ndiyo, nataka. Nilikuona mabega yakishuka. Ulikuwa umeshaanza kukubali, na ningenyamaza pale ungebaki, najua hivyo, na ningekuona kila asubuhi hadi mwisho wangu. Nikakuambia kwamba kutaka kwangu kusikuzuie. Daktari yupo, mama yako yupo, dawa ipo. Kama inachoka, haitaacha kuchoka kwa sababu wewe umekaa Migosi unaitazama. Nikasema, "Nenda, Idi."

Ulimpigia Daktari Adhiambo simu mbele yangu, ukamsikiliza muda mrefu, ukashukuru, ukakata. Ukakaa juu ya kreti tupu la mikate, magoti yetu yakikaribia kugusana. Ukasema utakwenda. Ukasema nikitoka kliniki nikupigie siku ileile. "Na usiniambie uko salama," ukasema. "Nisomee nambari ya kipimo, Baba. Nambari yenyewe."

Nimekubali. Hata ikiwa mbaya, nitakusomea.

Baba yako